Wimbo wa Mkasi

Lascelles Pinnock hakutaka kupanda kule mlimani. Toka tulipoondoka mjini alikuwa ameishika kofia yake ya kufuma kwa mikono miwili, kama mtu anayedhani upepo wa Bull Bay una ugomvi naye binafsi, na kila Bosi Lindo alipokata kona na gari lake yeye alitazama nyuma, kule tulikotoka.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Tumbo tu, Kiguu."

Kiguu ndiye mimi. Nimekata miwa Florida, nimepakia ndizi Port Antonio, nimepika melini, na popote nilipokaa zaidi ya msimu mmoja nyayo zilianza kuniwasha. Wenzangu wa bendi waliniita Kiguu na Njia, halafu wakachoka, wakabakiza Kiguu. Wakati huo nilikuwa napiga gitaa katika studio ya Bosi Lindo, na Lascelles ndiye aliyekuwa mwimbaji wetu anayetamba.

Alitamba kwa wimbo mmoja, ule wa mkasi. Ni habari ya rasta aliyekamatwa na polisi barabarani. Wanamkata nywele alizomfugia Mungu wake, na huku wanamkata wanamhoji. Kiitikio chake kila mtu mjini alikuwa nacho mdomoni:

*Waliniuliza, Mungu wako nani, mkasi ukiwa shingoni,*
*Nikawajibu kwa sauti, ni Jah aketiye Zayuni.*
*Kateni nywele, kateni, jina lake hamlikati.*

Nimeona wanaume wazima, wabeba magunia wa sokoni, watu wasiolia hata msibani, wakivua kofia katikati ya dansi ukifika mstari ule wa tatu. Mpiga santuri alikuwa hana ujanja, ainue sindano aurudishe mwanzo, la sivyo wangempindulia maspika yake.

Na ulishika watu kwa sababu kila mtu alijua ni wa kweli. Lascelles mwenyewe alikatwa. Miaka michache nyuma alitoweka mjini, nywele zake zimemfika kiunoni, akarudi na kichwa kama cha karani wa posta. Hakupenda kuzungumza habari hizo nasi hatukumchokoza. Baadaye akaja na wimbo, tukasema, haya, sasa amezungumza.

Bosi Lindo alitaka kuutoa upya kwenye santuri kubwa ya kupeleka London. Safari hii alitaka chini ya wimbo zilie ngoma zenyewe za binghi, mikesha ya sala ya marasta wa mlimani, siyo za mtu wa kukodi anayepapasa ngoma za kuchezea watalii. Ilikuwa mwaka wa sabini na sita. Wenye studio waliozoea kufunga mlango wakiona rasta anakuja, sasa walikuwa wanawatafuta kwa tochi. Hata waimbaji waliokuwa wakilia na mpenzi na ua waridi walikuwa wanamlilia Mfalme wa Wafalme, yule mfalme wa ng'ambo ambaye kwa marasta ndiye Mungu.

Watu wanadhani muziki wetu ulizaliwa studio. Mkono wangu wa kulia ulifundishwa na ngoma. Marasta wanazo tatu. Iko ile kubwa, inayopigwa kwa kirungu kilichofungwa kitambaa. Inasema mara moja, halafu inanyamaza mpaka unadhani imekufa. Iko funde, inayogonga mbili mbili kama moyo, haina haraka. Na iko ripita, ndogo na kali, inayoropoka juu ya vichwa vya wenzake. Besi yetu ilitoka kwenye ile kubwa. Gitaa langu, ule mkwaruzo mfupi mnaousikia, ni funde iliyotiwa nyuzi. Maneno nayo tuliyachota kwenye nyimbo zao za kusali. Kwa hiyo kwenda kwa Azaria, mzee wao wanayemwita Bongo kwa heshima, kuomba ngoma ilikuwa kama kumwendea mwenye shamba huku muhogo wake umekujaa mfukoni.

Uani kwa Azaria tulipokewa na Dada Ionie, mke wa mpiga ngoma kubwa. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani, anakoroga chungu cha viazi vikuu, majani na tui la nazi, bila chumvi. Alitutazama kuanzia chini.

"Karibuni, wenye viatu."

Bosi Lindo alikuwa amevaa viatu vya ngozi nyeupe, sasa vimekuwa vyekundu kwa udongo. Akacheka, akamkabidhi boksi. "Zawadi kidogo kwa ndugu, mama."

Ionie akafungua. Ilikuwa nyama ya kopo, makopo yamejipanga kama askari.

"We baba," akasema taratibu, "una mbwa nyumbani?"

"Ninaye."

"Mpelekee. Ila muulize kwanza kama naye ana dini."

Wapiga funde wawili waliokuwa wakikaza ngozi pembeni wakaangua kicheko. Mimi nilitamani ardhi inimeze, maana nilimwona akilipakia boksi lile nikasahau kumwonya kwamba marasta hawali nyama. Lascelles hakucheka. Alisimama karibu na lango kama mtu aliyeambiwa asubiri.

Bongo Azaria akatoka ndani. Alikuwa mzee mwembamba, ndevu zimegawanyika mara mbili, kanzu nyeupe iliyofuliwa mpaka imekuwa laini kama karatasi ya zamani. Hakutuuliza habari za London. Alimwendea Lascelles moja kwa moja.

"Wewe ndiye wa mkasi."

"Ndiyo, Bongo."

"Mimi-na-mimi," akasema, ndivyo marasta wanavyosema sisi, "tumekusubiri sana. Ingia, mwanangu."

Hapo kwa Azaria kulikuwa na utaratibu wao. Ngoma haikutoka uani kwenda kwenye muziki wa watu mpaka mwimbaji akae katikati ya wapigaji, mchana, kichwa wazi kama mwanamume anavyosali, na auseme wimbo wake. Kuusema, siyo kuuimba. Waliita kuusema mkavu. Kwao neno lililotoka mdomoni linafanya kazi duniani, liwe jema au baya, na ngoma ndiyo inayolibeba. Mbebaji ana haki ya kujua kilichomo ndani ya mzigo. Ukiwa unaimba, tuni inakusaidia, watu wanatikisa kichwa, mambo yanapita. Ukiusema mkavu, kila neno linasimama peke yake likitazamwa.

Tukakaa kwenye mbao. Wanaume wote wakavua kofia. Bosi Lindo akavua ya kwake ya majani, upara ukang'aa. Lascelles akavua mwisho. Nywele zake zilikuwa zimerudi kuota, misokoto inayogusa masikio tu.

"Hizi ndizo zilizoota juu ya mkasi," Azaria akawaambia wenzake, na akaziwekea mkono kidogo, kwa heshima.

Lascelles alifumba macho.

Ndipo yule mpiga ngoma kubwa alipoinuka. Aliitwa Ras Enos. Nilikuwa nimesikia sifa zake miaka mingi, kwamba akipiga pigo moja unalisikia kwenye mbavu. Alikuwa mtu mrefu, mabega yameinama, na kichwa chake kilikuwa na mabaka yasiyoota kitu, kama shamba lililoungua sehemu sehemu. Wale wa magharibi ya kisiwa walikuwa na vichwa vya namna hiyo. Polisi waliwakusanya mwaka wa sitini na tatu, kuanzia Ijumaa Kuu ile serikali ilipoagiza marasta wote wakamatwe, na wengine hawakukatwa kwa mkasi hata kidogo, walikatwa kwa kisu na vipande vya chupa.

Enos alimkumbatia Lascelles, akaweka shavu lake juu ya misokoto ile mifupi, akakaa hivyo kwa muda. Mikono ya Lascelles ilining'inia tu ubavuni. Nikadhani ni uchungu umemzidi.

"Haya, mwanangu," Azaria akasema. "Tupe mkavu."

Akaanza. Ubeti wa kwanza una gari la polisi, taa, giza la barabara ya kwenda Linstead. Aliusema haraka, macho yake kwenye ngozi ya ngoma.

"Polepole," Azaria akamwambia. "Barabara ya Linstead, upande gani? Darajani?"

"Darajani... kabla ya daraja."

"Walikuwa wangapi?"

"Giza, Bongo. Sikuhesabu."

"Sawa. Endelea."

Akaendelea mpaka kwenye kiitikio. Maneno yale yaliyokuwa yakivua watu kofia, pale mchana peupe, bila besi, bila organi, yalitoka kama mtu anayesoma tangazo la serikali. *Nikawajibu kwa sauti.* Hapo Ras Enos akainua kirungu chake kidogo.

"Rudia hapo."

Lascelles akarudia.

"Ulisema hivyo hivyo? Kwa sauti?"

"Wimbo ndivyo unavyosema, ndugu."

"Wimbo nimeusikia dukani. Nakuuliza wewe."

Lascelles akainamisha kichwa. Kwa bahati yake mbaya, Enos alidhani ni unyenyekevu.

"Usione haya," akamwambia. "Mwenye haya ni mimi." Akakilaza kirungu mapajani. Alikuwa na sauti ndogo, haikulingana na mwili wake. "Bongo, kabla ngoma hii haijabeba wimbo huu, lipo neno nataka litoke. Nimelificha toka nilipofika kwenye ua huu."

Ionie, pale chunguni, akaacha kukoroga.

"Na mimi waliniuliza," Enos akasema. "Kama alivyoulizwa huyu. Mungu wako nani. Walikuwa wamenikalisha kwenye ndoo, mmoja amenikamata sikio. Nikawaangalia nikaona wanataka kucheka. Nikasema moyoni, nikiwachekesha wataniacha. Nikawaambia, ni mtu tu, mabwana. Ni mtu mfupi wa nchi ya mbali, hata viatu vyake vinamzidi." Akakigeuza kirungu mapajani. "Walicheka sana. Mmoja alinipigapiga mgongoni. Wakanipa sigara, wakanikata vilevile, na mimi huku nakatwa naivuta ile sigara. Niliivuta mpaka ikaisha."

Mpiga funde mmoja alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

"Enos," Ionie akaita, kwa sauti ya mtu anayeita gizani kuuliza kama kuna mtu. "Mimi hujaniambia hayo."

"Ningekuambia nini, mama? Kwamba umeolewa na nani?" Hakumtazama. Akamgeukia Lascelles. "Kila tunapokaa kusali, likitajwa jina, mkono wangu unapiga lakini mdomo hautoi kitu. Wenzangu wanadhani mimi ni mtu wa kimya. Siku niliposikia wimbo wako dukani Bull Bay nilikuchukia, nikuambie ukweli. Nikasema, huyu ananisema mimi. Halafu nikasema, hapana Enos, shukuru, yupo mmoja aliyewajibu. Angalau mmoja. Lakini siwezi kuupigia. Mtu aliyekana hawezi kumbebea ngoma mtu ambaye hakukana."

Akainama, akakiweka kirungu mbele ya miguu ya Lascelles. "Bongo amtafute mwingine. Na kwenye binghi pia."

"Enos, kaa," Azaria akasema.

"Nimekaa. Ila sipigi."

Bosi Lindo akakohoa. Alikuwa mtu wa biashara na aliona siku inamponyoka. "Jamani, ndugu zangu, mambo ya zamani hayo. Nani angefanya vingine? Mkasi ni mkasi. Tukubaliane kesho saa ngapi, mimi nitaleta gari, na yeye Ras hapa apige tu, hakuna anayemhukumu."

"Kaka," Ionie akamwambia, "ukisema tena nitakuvika hiki chungu."

Nikamtazama Lascelles. Jasho lilikuwa limejipanga juu ya mdomo wake wa juu. Alikuwa anakitazama kile kirungu kama mtu anayeona nyoka lakini hana uhakika bado. Nilichojua mimi ni kwamba angekiokota, amrudishie Enos, amwambie maneno mawili matatu ya huruma, na tungeteremka na ngoma. Kila mtu pale alikuwa anasubiri hilo. Ingekuwa picha nzuri.

"Aliyenikata ni dada yangu," akasema.

"Nini?" Azaria akauliza.

"Merdina. Dada yangu, anashona nguo, yuko Linstead. Alinikata jikoni kwake kwa mkasi wa kushonea." Alikuwa anaongea na ngozi ya ngoma. "Kulikuwa na hoteli Ocho Rios wanatafuta waimbaji. Walitaka kichwa safi. Nilimwomba yeye. Alilia, akasema, Lascelles, si uliweka nadhiri? Nikamwambia akate upesi, nisiachwe na basi."

Mpiga funde wa kwanza akainua uso. "Hoteli?"

"Kando ya bwawa la kuogelea. Shati la mikono ya marinda, na kofia ya majani."

"Uliwaimbia nini wazungu? Ule wimbo wa ndizi wa watalii?"

"Ndizi pia."

Yule ndugu akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha, halafu akaona hakuna anayemfuata akakimeza. Mimi uso ulikuwa unaniwaka moto, na sikufanya lolote la kunichoma. Lakini gitaa la wimbo ule ni mkono wangu, na niliwahi kujisifu vilabuni kwamba nilimpigia mtu aliyewajibu polisi.

"Na polisi?" Azaria akauliza, taratibu sana.

"Hakukuwa na polisi. Hoteli walinifukuza, nikarudi mjini. Ndugu mmoja akanikuta kona, akaniangalia kichwa, akaniuliza, ni Babiloni, polisi wale? Sikusema ndiyo, Bongo. Haki ya Mungu sikusema. Niliinamisha kichwa tu. Basi. Jioni ile yeye na wenzake waliniletea chakula. Walinikalisha mahali pazuri. Waliniimbia." Akajifuta mdomo kwa kiganja. "Halafu wimbo ukaja. Ulikuja wenyewe, mzuri, kama maji. Sijawahi kupata wimbo kirahisi hivyo."

Chungu kilikuwa kinachemka na hakuna aliyekijali.

Ras Enos ndiye aliyezungumza. Sikumwona akikasirika, na afadhali angekasirika.

"Kwa hiyo hakuna aliyewajibu."

"Sijui, ndugu. Mimi sikuwepo."

"Hata mmoja?"

"Mimi simjui."

Enos akatikisa kichwa polepole, mara nyingi, kama mtu anayeelekezwa njia ndefu. Nadhani lile lilimkata kuliko chupa ya polisi. Alikuwa amekaa miaka na aibu yake, lakini upande wa pili wa aibu alikuwa amemweka mtu, amesimama, anawajibu kwa sauti. Sasa pale hapakuwa na mtu.

Lascelles akaliona hilo. Akateleza kutoka kwenye ubao akapiga magoti, akakiokota kirungu kwa mikono miwili. "Ndugu Enos, nitaugeuza wimbo. Nitaimba ulivyojibu wewe. Ndoo, sigara, vyote. Utakuwa wa kweli. Watu wengi walikatwa hivyo, watu wengi walisema walichosema, watausikia na..."

"Hapana."

"Sitataja jina lako."

"Hapana, nakuambia." Hapo sauti yake ikapata mwili. "Hilo usiliguse. Nimelitoa hapa kwa watu wangu. Siyo la santuri. Ulilichukua la kwanza bila kuwa lako, sasa unataka na la pili?"

Akakichukua kirungu chake kutoka mikononi mwa Lascelles. Hakukitumia. Alikishika tu.

Lascelles akabaki pale magotini. Bongo Azaria alimtazama kwa muda mrefu, na nilimwona mzee yule akitafuta neno na kuliacha, akitafuta na kuliacha. Mwishowe akasema kitu kidogo kabisa.

"Vaa kofia yako."

Ukisikia huko mbali ni maneno ya mama kwa mtoto, mvua ikitaka kunyesha. Lakini pale sote tulikuwa vichwa wazi. Mwanamume anayeambiwa avae kofia katikati ya duara lile anaambiwa sala imekwisha kwake. Lascelles akaelewa. Akaichukua kofia kutoka mapajani kwangu, alikokuwa ameiweka, akaivaa vibaya, upande mmoja wa misokoto ukabaki nje. Ionie akageuza uso. Hata yeye hakutaka kuona.

"Ngoma hazitoki," Azaria akamwambia Bosi Lindo.

"Hata mbili tu?"

"Nenda, baba. Beba na nyama yako."

Tukateremka. Nyuma yetu funde zikaanza, halafu ripita. Ile kubwa haikuanza. Lascelles alisimama njiani kuisikiliza, akasimama sana, mpaka Bosi Lindo akapiga honi. Nilikuja kupata habari, nikiwa nimeshahamia Port Antonio, kwamba Enos alirudi kupiga binghi ya Novemba, ile ya kukumbuka kutawazwa kwa Mfalme, na kwamba sasa anaimba, vibaya, nje ya tuni kabisa, na hakuna anayethubutu kumwambia. Lakini siku ile ngoma kubwa haikulia.

Garini Bosi Lindo aliwaka. "Una akili wewe? Nani alikuuliza? Mzee alikuuliza darajani au siyo darajani, ulijibu vizuri tu. Mtu akilia unamwacha alie!"

"Siuimbi tena, Bosi."

"Usiimbe. Sauti yako ninayo kwenye tepu. Nitamleta Skully wa kukodi anipigie ngoma mbili za kongo, London watajua nini? Wao wakisikia du, du, wanafumba macho."

"Nitawaambia watu."

"Waambie."

Alisimamisha gari kwenye duka la ramu pale Bull Bay kununua maji baridi, na mimi naapa hakufanya makusudi. Mashine ya santuri ilikuwa inaupiga wimbo ule ule. Wanaume wanne walikuwa kwenye meza ya domino, wanagonga vigae, na mwingine mzee, mchoma mkaa kwa jinsi alivyokuwa mweusi kucha, ameegemea kaunta na glasi, anauimba huku amefumba macho. Ulipofika mstari wa tatu akavua kofia yake akaiweka kifuani.

Lascelles akashuka. Nikamfuata.

"Mzee," akamwambia, "mimi ndiye ninayeimba hapo."

Yule akafumbua macho, akamkagua, akacheka mpaka jino lake moja la mbele likaonekana lote. "Wacha wee! Jamani, ndiye! Mpeni kinywaji!"

"Sitaki kinywaji. Sikiliza. Ni uongo. Polisi hawakunikata. Dada yangu ndiye aliyenikata, nilikuwa naenda kuimba hotelini."

Mmoja wa domino akasema bila kuinua macho kwenye vigae vyake, "Wasanii bwana. Mkiwasifu wanaona haya."

"Nasema kweli!" Lascelles akapaza sauti. "Hakuna aliyewajibu! Nilitunga!"

Wimbo ulikuwa unarudi kwenye kiitikio. Mchoma mkaa akamwekea mkono begani, siyo kwa ukali, kama unavyomsogeza mtu aliyekaa mbele ya dirisha.

"Sawa, mwanangu, nimekusikia. Kama siyo wewe, basi ni mwingine. Ngoja kwanza tuusikilize."

Lascelles alisimama pale mlangoni, na sauti yake mwenyewe ikiwajibu polisi kutoka kwenye mashine, mpaka mwisho.